Sonde ya kupima urefu wa maji: namna ya kuchagua ile inafaa foraji, tanki ao mfereji wenu



Tangu pompi za jua zianze kuingia vijijini, neno "sonde" linasikika kila mahali. Muuzaji anaiongeza kwenye proforma, komite inaona bei, kisha memba wanauliza: hii kitu ni ya nini, na ni lazima tuwe nayo? Swali ni zuri, juu pesa ya sonde inatoka kwenye michango yenu. Tena sonde iliyochaguliwa vibaya inaweza kuharibu vitu viwili vyenye bei kuliko yenyewe: pompi, na usikilizano kati ya memba wa juu na memba wa chini ya mfereji. Katika somo hili tunaongea juu ya aina moja tu, sonde ya presio ambayo inazamishwa ndani ya maji.

Kazi yake si ya kificho. Maji yana uzito. Kadiri unashuka chini, maji yaliyo juu yako yanakukaza zaidi. Kila mtoto wa kando ya ziwa anajua namna masikio yanauma akizama. Metre 10 za maji zinatoa presio ya karibu bar 1. Sonde ni kifaa cha chuma kama tochi ndogo, na mwisho wake kuna ngozi nyembamba ya chuma ao ya seramiki. Maji yanasukuma ile ngozi, sonde inageuza ule msukumo kuwa umeme, na mashine ya juu inageuza umeme kuwa metre. Upana wa kisima hauna maneno hapo. Kitu kimoja tu kinapimwa: urefu wa maji yaliyo juu ya sonde. Mushike neno hilo vizuri, litarudi.

Je, munaihitaji kweli?

Tuanze na jibu ambalo wauzaji hawalipendi. Kwa kazi nyingi za koperative, sonde ya presio siyo lazima. Kwa tanki iliyo juu ya ardhi, tiyo ya plastiki inayoonyesha maji, iliyofungwa upande wa inje na kuwekwa alama za santimetre, inatosha. Haiombi batri na haiogopi radi. Kwa kidimbwi cha samaki, simamisheni ubao wenye namba. Hata kwa ziwa ni vile vile. Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda mpaka yakaingia katika nyumba za watu Uvira na Kalemie, lakini ziwa kubwa vile linapanda polepole, kwa siku na kwa wiki. Mtu anayesoma ubao kila asubuhi na kuandika ku daftari anaona yote yanayofaa kuonekana.

Na kama shida yenu ni moja tu, pompi isizunguke bila maji, muulize kwanza kama mashine ya pompi yenu haina sehemu ya kufunga kigunduzi cha ukavu. Mashine nyingi za pompi za jua ziko nayo. Ni kitu cha nyaya mbili, bei yake ni ndogo, nacho kinasimamisha pompi maji yakishuka chini yake. Hakiwezi kuwaambia maji yako metre ngapi, lakini kinaokoa motere.

Sonde ya presio inaonyesha faida yake pale jicho haliwezi kufika, ao pale maji yanabadilika wakati hakuna mtu. Foraji ni mfano wa kwanza: munataka kujua maji yanasimama wapi pompi ikilala, yanashuka mpaka wapi ikifanya kazi, na kama mwaka kwa mwaka yanazidi kwenda chini. Mfano wa pili ni kizuizi cha kugawa maji ya umwagiliaji, kama katika mashamba ya mupunga ya bonde la Ruzizi, ambako usiku hakuna anayelinda namba.

Upeo na urefu wa kable: namba mbili, siyo moja

Hapa ndipo pesa nyingi inapotea. Memba wanaambia muuzaji: "Foraji yetu ina metre 60." Muuzaji anawapa sonde ya upeo wa metre 100, "ili muwe salama". Ni kosa. Upeo wa sonde ni urefu wa maji juu yake, siyo urefu wa shimo.

Tuchukue mfano. Foraji ina metre 60. Pompi imetundikwa metre 45. Wakati pompi inalala, maji yanasimama metre 18 chini ya mdomo wa foraji. Ikivuta, yanashuka mpaka metre 32. Tunatundika sonde metre 43, juu kidogo ya pompi. Pompi ikilala, sonde iko na metre 25 za maji juu yake (43 kutoa 18). Ikivuta, inabaki na metre 11 (43 kutoa 32). Kisha tufikirie mvua nyingi: kama maji yanaweza kupanda mpaka metre 12 chini ya mdomo, sonde itabeba metre 31. Basi upeo wa metre 40 unatosha. Ukikosekana, chukueni wa metre 50. Kable nayo ni hesabu ingine: metre 43 za ndani ya shimo, na zile za kutoka mdomoni mpaka kwenye sanduku la mashine. Tuseme 50. Kwenye proforma hizo namba mbili ziandikwe mbalimbali. Sonde ya "50 m" yenye kable ya metre 10 tunaiona mara nyingi, na kuunga kable ndani ya maji ni kazi ambayo hatushauri mtu yeyote.

Kwa nini tusichukue ya metre 100 basi? Juu kosa la sonde linahesabiwa kwa asilimia ya upeo wote, siyo ya maji munayopima. Kwenye fishi ya kifaa mutaona 0,5 % na karibu yake herufi PE ao FS: zote mbili zinasema "ya upeo mzima". Kwa sonde ya metre 100, 0,5 % ni santimetre 50. Kwa ya metre 50 ni santimetre 25, na kwa kulinda pompi hiyo inavumilika. Kwa ya metre 5 ni santimetre 2 na nusu. Sasa mutie ile ya metre 100 katika mfereji wenye maji ya santimetre 20: itawaambia chochote inachopenda. Kwa mfereji, tafuteni upeo wa metre 1, na mukiikosa, metre 2, yenye kosa la 0,25 % ao chini yake.

Upande wa pili, musinunue upeo mdogo kuliko maji yatakayokuja. Sonde nyingi zinavumilia mara moja na nusu ao mara mbili ya upeo wao, kisha ngozi inapinda na hairudi tena. Fishi inasema kiasi gani. Fishi isiposema, ni alama mbaya.

Hewa nayo ina uzito

Sehemu hii ndiyo wauzaji wanairuka, na ndiyo inaleta fujo kubwa. Juu ya maji kuna hewa, na hewa inakaza maji. Kule Muanda, kando ya bahari, uzito wa hewa ni sawa na metre 10 na santimetre 30 za maji. Uvira, kwenye metre 770 hivi juu ya bahari, unabaki karibu metre 9 na nusu. Goma ao Bukavu, karibu metre 1 500, ni metre 8 na santimetre 70 hivi tu. Sonde ambayo haijui hayo, iliyopangwa kiwandani kwa mtu wa kando ya bahari, itakosea Goma kwa zaidi ya metre 1 na nusu.

Kuna aina mbili za sonde juu ya jambo hili. Ya kwanza inapumua: ndani ya kable yake kuna tiyo nyembamba sana inayoleta hewa ya inje mpaka nyuma ya ngozi, ili hewa ya juu na hewa ya nyuma zifutane. Kwenye fishi inaitwa sonde ya presio relatifu. Ya pili imefungwa kabisa, inaitwa absoluti: inapima maji pamoja na hewa, na ni ninyi mutatoa hewa kwa kutumia kifaa kingine kinachokaa inje. Kuna na ya tatu ya kudanganya kidogo, iliyofungwa kiwandani na hewa ya huko ndani yake. Kwa maji mafupi hatuitaki.

Mutasema: basi tutoe metre 8 na santimetre 70 kila mara, imeisha. Haiishi. Hewa inabadilika kila siku. Katika inchi zetu za karibu na ikweta inapanda na kushuka mara mbili kwa siku, karibu kama saa: inakuwa nzito kwenye saa ine ya asubuhi (10h00), nyepesi kwenye saa kumi ya mangaribi (16h00), kisha inapanda tena usiku. Tofauti ni kama santimetre 3 za maji. Kwa foraji, santimetre 3 si kitu. Kwa mfereji, ni vita.

Fikirieni kizuizi chenye pengo la herufi V, la pembe ya digri 90, lile tunalotumia sana kwa kugawa maji. Maji yakiwa na santimetre 20 juu ya ncha ya pengo, yanapita karibu litre 25 kwa sekunde. Yakiwa na santimetre 17, yanapita litre 16 tu. Basi sonde iliyofungwa, bila kifaa cha hewa, itaonyesha asubuhi litre 25 na saa kumi litre 16, wakati maji hayakusogea hata kidogo. Memba wa chini wataona kwenye karatasi kwamba theluthi ya maji yao inapotea kila alasiri, saa ileile, na watafikiri nini? Watafikiri wa juu wanafungua mlango wa mashamba yao watu wakienda kupumzika. Namba ziko pale, zimetoka kwenye mashine, nani atabishana nazo? Kabla ya kuita kikao, angalieni saa. Upungufu unaorudi kila siku kati ya saa ine na saa kumi, hata wakati milango yote imefungwa, unatoka angani.

Kwa hiyo shauri letu kwa koperative nyingi ni sonde inayopumua. Lakini ina ugonjwa wake: unyevu. Ile tiyo ni nyembamba, na tone moja la maji likiingia linaifunga. Pale sonde inayopumua inageuka kuwa iliyofungwa, pasipo kumwambia mtu. Ndiyo sababu ku mwisho wa juu wa kable kunapaswa kuwa na kisanduku chenye dawa ya kukausha, zile punje zinazobadilika rangi zikishiba maji. Ulizeni muuzaji rangi gani ni kavu na gani ni mbichi, muandike kwenye kisanduku chenyewe. Wakati wa mvua mutazame kila mwezi. Kisanduku kiwe na tundu la kupumulia linalotazama chini. Fundi mwenye bidii anayelifunga kwa silikoni "ili maji yasiingie" ameua kifaa. Kable isikunjwe kwa pembe kali, isifungwe kwa waya wa chuma mpaka inabanwa, na isikatwe na kuungwa kama waya wa nyumba.

Mahali ambapo mafuriko yanaweza kufunika kisanduku chenyewe, maneno yanageuka. Hapo iliyofungwa, pamoja na kifaa chake cha hewa kilichowekwa juu mahali pa salama, inafaa zaidi, ijapo muko na vifaa viwili vya kulinda na hesabu ya kutoa.

Umeme unaotoka

Sonde nyingi za kazi yetu zinatoa miliampere 4 mpaka 20. Tunazipenda kwa sababu mbili: urefu wa kable hauharibu kipimo, na sonde ikikatika inajulikana. Miliampere 4 ni maji sufuri, 20 ni upeo mzima. Mukiona 0, hakuna kusema "maji yamekauka". Kable imekatika ao batri imekufa. Sonde zinazotoa volte tunaziacha kwa kable fupi za metre chache. Zile zinazoongea kwa namba, za RS485, ni nzuri, lakini mpaka mukuwe na mtu anayejua kuzipanga.

Hesabu ni hii: miliampere munazosoma, toeni 4, gawanyeni kwa 16, zidisheni kwa upeo. Katika foraji yetu ya mfano, yenye sonde ya metre 50, miliampere 12 ni metre 25 za maji juu ya sonde. Pompi ikivuta na maji yakabaki metre 11, mutasoma karibu 7,5. Kwa kujua maji yako wapi tangu mdomoni, toeni katika 43: 43 kutoa 11 ni 32. Mupige hesabu hii mukiwa wengi, siyo sekretere peke yake.

Muangalie na volte. Sonde ingine inaomba volte 10 ao 12 kwa uchache ili ifanye kazi, na batri yenu ya volte 12 alfajiri inaweza kuwa imeshuka kwenye 11 na kitu. Kama mashine ya kusoma iko na rezistansi ya ohm 250, hiyo peke yake inakula volte 5 maji yakijaa. Matokeo: sonde inasoma vizuri maji yakiwa kidogo, na inakwama maji yakiwa mengi, na kila mtu anafikiri ni sonde. Ao muchague sonde inayokubali volte chache, ao muweke kigeuzi kidogo cha kupandisha mpaka 24.

Chuma, matope, na mahali pa kutundika

Kwa maji matamu, chuma kisichoshika kutu cha aina ya 316L kinatosha. Kable ya poliuretani inavumilia zaidi kuliko ya PVC. Matope ni shida kubwa kuliko kutu: sonde isilale chini kabisa. Ku tanki na mifereji itundikwe juu ya mahali matope yanakusanyika, ndani ya tiyo ya PVC iliyotobolewa matundu, ili mawimbi na takataka visiipige. Kofia ya mbele yenye matundu madogo inajaa udongo. Ikifunguka kwa mkono, mutaiosha ndani ya ndoo. Lakini musiguse ngozi kwa kidole, kwa kijiti wala kwa brosi. Wengi wameharibu sonde nzima siku ya kuisafisha.

Katika foraji, sonde ikae ndani ya tiyo yake nyembamba inayofungwa pembeni ya tiyo ya pompi, ili kable isizungukiwe siku munapandisha pompi.

Neno moja kwa koperative za mawese: sonde iliyopangwa kwa maji haisomi mafuta sawasawa. Mafuta ya mawese ni mepesi kuliko maji, na itawaonyesha karibu sehemu moja juu ya kumi pungufu. Msimamizi wa tanki asishitakiwe wizi kabla ya kufanya hesabu hiyo.

Radi

Utafiti wa setilaiti uliotolewa mwaka 2016 uliweka Kabare, hapa kwetu Kivu ya Kusini, katika nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Kable ya metre 50 inayoingia kwenye maji ni njia ambayo radi inaipenda. Si lazima iangukie foraji yenyewe. Ikianguka jirani inatosha. Kwa hiyo katika proforma muombe kikinga radi kwa upande wa mashine, na sonde yenye kikinga ndani yake, kisha nondo ya ardhi iliyopigwa vizuri mahali penye unyevu. Bila nondo ya ardhi, kikinga ni mapambo. Muuzaji akisema garanti inafunika radi, aiandike. Kwa kawaida haifuniki.

Siku ya kununua

Sonde ya bei rahisi inapatikana kwa makumi ya dolari, ya jina kubwa inapita mia kadhaa. Sisi tumeona kwamba kwa kulinda foraji ile ya katikati inatosha, na kwa mfereji wa kugawana maji ni afadhali kuongeza pesa, juu kila santimetre ni ya mtu.

Kabla ya kulipa, fanyeni jaribio hili dukani ao mbele ya muuzaji. Chukueni tiyo ya PVC ya metre 2, mufunge upande wa chini, muisimamishe, muijaze maji. Multimetre iwe karibu. Sonde ikiwa inje, ikining'inia hewani, lazima isome miliampere 4, ao karibu sana. Muizamishe metre 1 kwa kipimo cha fundi, musome; metre 2, musome; kisha muirudishe metre 1. Kama mara ya pili haisemi kama mara ya kwanza, muirudishe kwenye kartoni. Sonde ya upeo wa metre 50 itasogea kidogo tu katika jaribio hili, miliampere 0,32 kwa kila metre, kwa hiyo multimetre iwe ya kuonyesha namba mbili nyuma ya koma. Muiache saa moja ndani ya maji na muangalie kama namba inatembea peke yake.

Mukiisha kuifunga, muandike ku daftari ya koperative: namba ya sonde, upeo wake, metre ilizotundikwa tangu mdomoni, na miliampere siku ya kwanza. Mupige alama kwenye kable palepale inapoingia mdomoni, kwa rangi isiyotoka, ili siku ikivutwa ijulikane. Kisha mara moja kwa mwezi, mtu mmoja ashushe kamba yenye uzito na alama za metre mpaka maji, pompi ikiwa imelala, aandike kipimo chake karibu na kile cha sonde. Vikipishana zaidi ya kosa lililoandikwa kwenye fishi, angalieni kwanza punje za kukausha, kisha alama ya kable, kisha matope.